Jibini ya Pilipili Siku Titye Walipokuja Makere

Mawese yanapoanza kupata moto hutoa harufu nzito, ya utamu uliochanganyika na moshi, na kila nikiisikia narudi kwenye uwanja wa mpira wa Makere, jioni ya kiangazi, vumbi jekundu likielea juu ya vichwa vya watu kana kwamba halina haraka ya kutua.

Ilikuwa mwaka 2014, nina miaka tisa. Shangazi Anjela, dada yake baba, alikuwa amerudi kwetu kutoka Titye alikoolewa. Alikuja na mfuko wa nguo, kitambaa amekifunga kichwani mpaka kikafunika sikio la kushoto. Sisi watoto tuliambiwa amekuja kupumzika. Mimi nilifurahi tu, maana alilala chumba chetu na alinukia sabuni.

Kisha habari ikazagaa: Jumamosi timu ya Titye ingekuja kucheza na yetu. Kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Baba alipenda mpira kupita kiasi. Mama alikuwa akisema mume wake anaweza kusahau majina ya watoto wake, lakini la golikipa hasahau.

Jioni moja niliwasikia wakiongea jikoni, baba na shangazi.

"Siku hiyo ubaki ndani," baba alisema. "Tutafunga mlango."

"Siwezi kukaa ndani, kaka. Nitakaa penye watu, nipike."

Baba aliitikia kwa kichwa. Halafu akasema, "Ego. Basi utahitaji kuni."

Nikajua shangazi naye anapenda mpira.

Ijumaa tulichemsha maziwa ya ng'ombe wetu kwenye sufuria kubwa. Shangazi alikamulia ndimu, akakoroga polepole, na mbele ya macho yangu maziwa yakakatika, mabonge meupe yakajitenga na maji ya kijanikijani. Bibi alishika mdomo. "Mmeyaharibu!" Shangazi akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu aje. Alipokuwa msichana alipika jikoni kwa mapadri huko Kasulu mjini, na huko ndiko alikojifunza jibini. Alichuja mabonge yale kwa kitambaa safi, akatia chumvi, akayafunga, akayakandamiza kwa jiwe la kusagia. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba, tulifungua tukakuta kitu kigumu, cheupe, kinacholia kidogo ukikitafuna. Bibi alionja, akaonja tena, akadai anahakikisha chumvi.

Uwanjani tuliweka mafiga karibu kabisa na mstari, mahali ambapo kila mtu angetuona. Shangazi alikata jibini vipande, akavichovya kwenye uji wa unga wa ngano wenye kitunguu saumu na pilipili kichaa iliyotwangwa, akavitumbukiza kwenye karai. Mawese yalichemka na kuimba. Kwanza watu walitazama kwa mbali, wakiulizana kama kweli maziwa hukaangwa. Kisha kijana mmoja akathubutu, akaruka huku na huku akijipepea ulimi, akarudi kuomba kingine. Baada ya hapo tulizingirwa. Wazee, akina mama wenye watoto mgongoni, hata wachezaji wa akiba, wote machozi yanawatoka na mikono wameinyoosha. Mimi nilikuwa nikigawa kwenye majani ya mgomba, na nilijiona mtu mkubwa.

Baba alisimama nyuma ya shangazi, mikono kifuani. Nilidhani anavizia jibini.

Kipindi cha pili mume wa shangazi akaja. Nilimfahamu, mwanamume mrefu, mtaratibu wa kuongea. Alipita katikati ya watu mpaka karaini.

"Anjela. Chukua vitu vyako twende nyumbani."

Watu waliacha kutafuna. Shangazi hakuinuka. Aligeuza vipande vilivyokuwa karaini, kimoja kimoja, kisha akakifungua kitambaa kichwani, akakiweka mapajani. Nikaliona sikio lake, na kovu bichi lililoshuka kutoka hapo hadi shingoni. Aliweka kipande kwenye jani akamnyooshea.

"Umetoka mbali. Kula, halafu urudi na wenzako."

Yule bwana alimtazama yeye, akamtazama baba, akawatazama akina mama waliokuwa wamesogea bila mtu kuwaita. Hakupokea. Wakati huohuo uwanja mzima ulilipuka kwa kelele, tumefunga, watu wakarukaruka, na vumbi lilipotulia hakuwepo tena.

Hakurudi. Shangazi alibaki kwetu, baadaye akahamia Kibondo, na leo ana kibanda chake cha chakula pale mjini. Kichwa chake haki­fungwi kitambaa.

Jioni ile tulirudi nyumbani tukiimba, mimi nimebebwa mabegani mwa baba, midomo yangu inawaka pilipili, miti ya kando ya njia ikipita taratibu kama katika usingizi. Baba alingoja mpaka wengine wametangulia, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Hebu niambie. Lile bao alifunga nani?"

Nilicheka sana. Nilidhani ananitania, maana alikuwa uwanjani muda wote, hatua chache tu kutoka kwenye mstari. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba siku ile baba yangu hakuutazama mpira hata mara moja.