Nilivyotunza aya kwenye database Mwanza miaka ya 90, aya moja ikamgeuza mwalimu kuwa msaliti wa dada yake

Wakuu, habari za humu.

Naona vijana mnabishana kuhusu "templates" kama vile zimezaliwa juzi. Naomba nafasi kidogo nisimulie yaliyonikuta mwenyewe. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya soko huria, Mwanza inachangamka, kila mtu anafungua biashara. Mimi nilikuwa nachapa kwenye ofisi moja ya uchapaji mjini. Mwenye ofisi, mama mmoja mchapakazi tukimwita Madam, alikuwa ameleta kompyuta iliyotumika kutoka Nairobi. Jirani zetu wote bado walikuwa na taipureta.

Nilijifunza mwenyewe kwa kitabu kisicho na jalada. Na niseme tu ukweli, nilikuwa naiweza.

Diski ilikuwa ndogo mno. Ukihifadhi kila hati nzima nzima, baada ya mwezi imejaa. Nikaumiza kichwa, nikapata njia. Nikazikata hati vipande vipande, kila aya nikaipa code na kuiweka kwenye database. Palipotakiwa jina au kijiji niliacha nafasi.

Kwa hiyo hati ya mteja haikukaa mule kama hati. Zilikaa code za aya zake na majina yake tu. Ukibonyeza print, system inaziokota aya, inapachika majina, karatasi inatoka.

Mkataba wa kupanga nyumba, dakika tano. Hati ya kuuza mtumbwi, dakika tano. Watu wa taipureta walikuwa wanakuja kuchungulia mlangoni, na mimi nilikuwa najikohoza kidogo ili wajue nimewaona.

Kazi iliyotuletea watu wengi ilikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Kwa wasioujua: mtu akifariki, ndugu wanakaa, wanapendekeza msimamizi wa mirathi na kutaja warithi, karatasi inasainiwa na kupelekwa mahakamani. Aya ya warithi niliipa code M12.

Sasa akaja Deusi, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Sengerema. Baba yao alikuwa amefariki. Kulikuwa na dada yao, Leokadia, ambaye marehemu alimzaa nje ya ndoa. Baba yao mdogo hakutaka arithi. Deusi alibishana naye vikao vitatu mpaka ukoo ukakubali.

Akaniletea maneno yameandikwa kwa mkono. M12 ikasomeka hivi: warithi ni watoto wote wa marehemu waliotajwa hapo juu. Nikamtolea, akaondoka anatabasamu.

Karatasi zikanyeshewa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, kabla hata hazijasainiwa. Zikawa uji.

Aliporudi kuomba nakala nyingine zilikuwa zimepita wiki mbili. Katikati hapo nilikuwa nimemhudumia mteja mwingine, ukoo wao wanataka warithi wawe watoto wa ndoa tu. Badala ya kumtengenezea aya yake yenye code yake, niliifungua M12 yenyewe nikaibadilisha. Uvivu tu, wakuu. Sina jina jingine.

Deusi akaniuliza, "Kijana, hii ni ile ile?"

Nikamjibu, "Mwalimu, kompyuta haikosei. Ni ile ile."

Hakuisoma. Mimi pia sikuisoma. Jina la Leokadia lilikuwepo kwenye orodha ya watoto, ukipitisha macho haraka huoni kitu. Lakini chini sasa ilikuwa imeandikwa kwamba warithi ni watoto wa ndoa.

Kilichotokea nyumbani kwao alinisimulia mwenyewe baadaye. Ukoo wamekaa, wanasubiri kusaini. Deusi, kwa kumheshimu dada yake mbele ya watu, akampa yeye ndiye asome kwa sauti.

Leokadia akasoma mwenyewe mstari unaomtoa.

Akaumaliza mpaka nukta, akaiweka karatasi juu ya stuli, akachukua kanga yake akaondoka. Baba mdogo alikuwa anacheka chini chini. Watu wakamgeukia Deusi. Si ndiye aliyekwenda mjini peke yake?

Kesho yake asubuhi akaja ofisini, akakaa. Nikamwamkia, "Shikamoo mwalimu." Hakuitikia.

Akauliza taratibu, "Nani alikutuma?"

Nikafungua database. Nikaiona M12. Nawaambia jasho lilinitoka, na feni ilikuwa inazunguka. Nikamweleza yote.

"Usiniambie mimi," akasema. "Twende ukawaambie wao."

Tukaenda. Kigongo, kivuko, Busisi, mpaka Sengerema. Nilijipa moyo kwamba nikieleza kitaalamu wataelewa tu, mimi ni mtu wa kueleza nikaeleweka.

Nikaeleza. Baba mdogo akaniacha nimalize, akasema, "Kijana, huyu mwalimu alituambia kuwa wewe mwenyewe umesema kompyuta haikosei. Leo imekosea? Imekosea hapo hapo tu, kwa huyu binti tu?"

Kwa macho yao mimi nilikuwa shahidi wa kukodi, na kwenda kwangu kukamwongezea Deusi doa. Niliumia sana, sitaficha.

Aliyetuokoa ni shangazi yao, Kabula, dada wa marehemu. Akamwita Leokadia kutoka jikoni.

"Ng'wana wane, mwanangu, jiandae. Kesho tunavuka, nikaione hiyo mashine."

Walikuja kweli, na Deusi nyuma yao. Yeye hakuingia ndani, alikaa kwenye benchi barazani. Nikamwambia Leokadia achague hati yoyote ya zamani. Akachagua ya kuuza mtumbwi. Nikaprint. Nikafungua aya moja, nikaibadilisha mbele yao, nikaifunga. Nikaprint hati ile ile, kwa namba ile ile.

Akazishika karatasi mbili dirishani, akasoma mstari kwa mstari.

Shangazi hakujua kusoma. Akauliza, "Zinafanana?"

"Hazifanani, shangazi."

Shangazi akanigeukia. "Kwa hiyo ni huyu."

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Basi mwalimu tumemkosea."

Leokadia akatoka nje. Mlango ulikuwa wazi, niliona. Akapiga goti mbele ya benchi. "Shikamoo kaka."

Deusi akaitikia, "Marahaba." Halafu akaongeza, na sauti yake haikuwa ya hasira hata kidogo: "Dada, nimekupigania vikao vitatu. Umeamini karatasi moja."

Leokadia akalia, na mimi machozi yalinilenga pale kwenye kiti changu.

Hati niliichapa upya siku hiyo hiyo, Leokadia akaisoma yote kwa sauti kabla haijatoka ofisini. Ukoo ukasaini, hata baba mdogo. Mahakama ikaipokea.

Kwa wale mafundi: nilibadilisha system. Hati ikishatolewa kwa ajili ya kusainiwa, aya zake zinanakiliwa na kufungwa pamoja nayo, na nakala inawekwa kwenye floppy. Ukigusa aya mama, hati za zamani hazitikisiki. Mteja akitaka maneno yake, anapewa aya yake na code yake. Nimeitumia njia hiyo miaka mingi na haijaniangusha. Bado naamini wazo lilikuwa zuri, na bado najisifu nalo.

Ila nilichojifunza ni hiki. Database haikumdanganya mtu, ilitoa nilichoiwekea. Aliyewaambia watu kwamba haikosei ni mimi, na kwa neno hilo nilimfunga mdomo mtu mwema hata akashindwa kujitetea kwao.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wenye visa vya namna hii vishusheni hapa, na mafundi mnikosoe bila kunionea huruma.

System niliitengeneza kwa siku mbili. Wale ndugu wawili sijui iliwachukua muda gani kurudi kuaminiana.