Matundu Matatu na Jiko la Ahero

Jumatatu, tarehe 11 Agosti 1997, ndiyo siku tuliyoondoka Kisumu. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya ziwa na hapakuwa na upepo, hata moshi wa majiko ya mtaa wetu wa Nyalenda ulikuwa umesimama tu juu ya mabati. Naandika kwa sababu watu wa nyumbani wananiuliza ilikuwaje, na nikisimulia kwa mdomo nasahau kitu au naongeza. Niliishia darasa la sita. Maneno nikiyakosea mnisamehe, lakini nikidanganya msinisamehe.

Sababu ya kuondoka ni kikohozi. Kliniki walinipa dawa za kifua kikuu, nikazimeza miezi sita bila kuruka siku hata moja, na eksirei ikaonyesha doa lile lile, tena limekua. Siwalaumu. Mtaani kwetu kikohozi kama kile mara nyingi huwa ni kifua kikuu kweli. Daktari mwingine akatoa kipande kwa sindano, akasema ni saratani ya pafu la kulia, sehemu ya juu, na bado ni ndogo. Nimekausha samaki kwa moshi miaka ishirini, kwa hiyo nikamwuliza kama ni moshi. Alisema inawezekana, lakini hawezi kuapa. Mimi pia siapi.

Huyo ndiye aliyesema Nairobi kuna mpasuaji anayetoa kipande cha pafu kupitia matundu madogo, anatazama ndani kwa kamera kama mtu anayetazama televisheni. Mume wangu, Baba Akinyi, alifurahi. Ndugu yake Odongo, anayekaa kwenye boma lao Ahero, alikataa.

"Saratani ikiguswa na hewa inatawanyika," alisema. "Mkae nyumbani, mama apumzike."

Alikuwa na sababu. Kaka yao mkubwa alipasuliwa kifua miaka ya themanini. Alirudi na kovu kutoka chini ya titi mpaka katikati ya mgongo, na hakuuona mwaka mpya. Lakini kupumzika alikokuwa anasema Odongo nilikuelewa, na sikuwa tayari.

Saa moja asubuhi, stendi ya Kisumu. Mama Wanjiru, anayeuza viazi sokoni karibu na meza yangu ya samaki wa mbuta, alikuja kutoka mtaa wa Migosi na barua ya dada yake Nyambura, ambaye tungelala kwake Nairobi. Alileta na sweta.

"Vaa. Nairobi mwezi huu ni baridi. Ukifa na baridi watasema ni daktari."

"Nikifa utachukua meza yangu."

"Hiyo meza inanuka mbuta, nani anaitaka?"

Tulicheka, nikakohoa, akanishika mgongo mpaka kikaisha.

Ahero, kabla ya saa mbili. Basi lilisimama kuchukua abiria. Odongo alikuwa hapo kando ya barabara ametungoja, na nyuma yake trekta ya kubeba miwa kutoka Muhoroni, siku hiyo imebeba nguzo za mkaratusi na mabati yaliyokunjwa. Alikuja kwenye dirisha langu akanisalimia vizuri.

"Nguzo ni za nani, shemeji?"

Alimtazama kwanza ndugu yake, kisha mimi. "Ni za nyumba yako."

Kwa msomaji ambaye si wa kwetu: mke aliyeolewa hawezi kuzikwa kwenye boma la mume bila mwili wake kulazwa kwanza ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sisi tulikuwa tumekaa mjini miaka yote bila kujenga. Ningekufa Nairobi, ndugu wangesimamisha nyumba kwa siku moja huku gari la maiti linangoja, na watu wangemcheka Baba Akinyi. Odongo alikuwa anamkinga ndugu yake na aibu. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli. Lakini kosa lake ni kwamba alianza nikiwa naona, nimekaa dirishani nikiwa na sweta.

 Nikasema, "Hiyo nyumba unayojenga, itakuwa na jiko?"

"Jiko la nini?"

"Mimi nitarudi na njaa. Jengeni na jiko."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu alicheka bila kujizuia.  Basi likaondoka. Tulipofika Kericho, Baba Akinyi alininunulia chai na kusema, "Umemwambia vibaya." Nikasema najua. Nikasema pia ningemwambia hivyo tena.

Nairobi, jioni. Nyambura alitupokea kama ndugu. Alinipa kitanda chake, yeye akalala na watoto, na hakuniuliza nitaondoka lini. Alisoma ile barua mara mbili akacheka peke yake, hakutuambia imeandikwa nini.

Hospitalini, Alhamisi. Mpasuaji alikuwa kijana kuliko nilivyotaka. Nilimwambia hivyo.

"Mama, wenzangu wazee hawajasomea hii kamera," alisema. Alichora kwenye karatasi: tundu la kamera chini ya kwapa, tundu la chombo mgongoni, na mkato wa tatu wa urefu wa kidole, ambapo kipande cha pafu kingetolewa ndani ya mfuko ili kisiguse nyama nyingine.

"Na hewa? Watu wanasema saratani ikiguswa na hewa inatawanyika."

"Pafu linaguswa na hewa kila ukivuta pumzi. Wale waliokufa baada ya kufunguliwa, wengi waliletwa kwetu wamechelewa. Wewe umewahi. Lakini nisikudanganye: kamera ikinishinda, au damu ikitoka vibaya, nitafungua kifua kwa kisu kikubwa. Na nikimaliza salama siwezi kukuahidi haitarudi."

Nilipenda kwamba hakuahidi. Nilitia sahihi. Lakini siku ya upasuaji waliponivalisha lile gauni lililo wazi mgongoni, nilimwambia muuguzi nataka kwenda msalani, nikasimama mlango wa nje nikitazama geti. Nilikuwa nahesabu hatua. Basi nikakumbuka nguzo za mkaratusi juu ya trekta, hasira ikanipanda, nikarudi ndani. Sijui kama huo ni ujasiri. Nadhani ni ubishi tu.

Nilipoamka, mpira ulikuwa umetoka kati ya mbavu zangu mpaka kwenye chupa ya maji sakafuni, na maji yanatoa mapovu nikipumua. Maumivu yalikuwepo, asiwadanganye mtu. Kila ukikohoa unahisi kama umepigwa teke na ng'ombe. Mpasuaji alikuja akasema ametoa sehemu yote ya juu ya pafu la kulia, pamoja na tezi za karibu, na hakuhitaji kufungua. Siku ya pili walinitembeza koridoni, mimi na chupa yangu. Siku ya nne mpira ukatolewa. Siku ya sita nilirudi kwa Nyambura, nikakaa huko mpaka nyuzi zikatolewa na majibu ya tezi yakaja: safi. Nitarudi kupimwa kila miezi mitatu. Baba Akinyi akatuma habari Ahero kwa dereva wa basi.

Jumamosi iliyofuata tulishuka Ahero saa tisa mchana, jua kali. Nyumba ilikuwa imesimama, mabati yanang'aa, kuta zimekandikwa nusu, haina mlango. Watu wa boma walikuja. Odongo alinitazama nilivyotembea.

"Wamekupasua wapi?"

Niliingia na wanawake kwa mama mkwe, nikavua blauzi. Mama mkwe haoni vizuri siku hizi, akapitisha kidole kwenye makovu: moja, mawili, la tatu refu kidogo. Odongo alipoambiwa kule nje, alisema kwa sauti, "Wamewadanganya. Hayo matundu si ya kutoa pafu. Kaka alikatwa mpaka mgongoni."

"Wewe ulitaka wampasue kama mbuta?" mama mkwe alimjibu kupitia ukuta. "Huyu amekuja kutoka barabarani kwa miguu. Kaka yako alibebwa."

 Nilipotoka, Odongo alikuwa amesimama kando ya ile nyumba. Miguuni pake kulikuwa na shimo jipya, udongo bado mbichi, nami nikadhani ni kaburi.

"Kukandika ukuta niliacha habari ilipofika kwamba umepona," alisema. "Halafu nikachimba hili. Ni la nguzo ya jiko. Nguzo ya kwanza mwenye nyumba anasimamisha mwenyewe, akiwa hai. Mimi siwezi kumsimamishia."

Alikuwa bado haamini yale matundu. Aliniambia hivyo usoni. Lakini shimo alikuwa amelichimba, na nguzo moja ya mkaratusi alikuwa ameiweka kando. Baba Akinyi aliishika juu, mimi chini kwa mkono wa kushoto, Odongo akashindilia udongo kwa mguu.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu anaweza kukujengea nyumba ya kufa bila kukuchukia. Na si lazima ukubali kulala ndani yake siku anayotaka yeye.

Jiko halikuwa na ukuta wala paa, nguzo moja tu na mafiga matatu. Niliwasha moto mwenyewe, nikakaa upande usio na moshi. Tulikula ugali wa mtama, samaki aina ya ngege wa kuchemsha na kunde. Odongo aliongeza mara mbili.