Karani Aliyeandika Jina la Mama Yake

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nilipopewa meza katika chumba kimoja na karani mkuu wa ofisi yetu pale Tabora. Ilikuwa ofisi ya serikali, nami nilikuwa mpiga chapa. Kwetu, mtaa wa Mtendeni, baba alikuwa na duka la vitambaa, na jamaa zake hawakupenda binti wa Kiarabu atoke kila asubuhi kwenda kukaa na wanaume wasio ndugu zake. Baba aliwajibu neno moja tu: "Amesoma."

Karani mkuu alikuwa mtu wa makamo, Mkristo wa kanisa la Moraviani, mzaliwa wa kijiji kimoja upande wa Lusu, Nzega. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha tukashinda hatuna jingine ila mambo ya faili. Saa saba alifungua kitambaa chake cha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, akala huku anatazama ukuta.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Watu wa ofisi hatukuwa wakubwa, wala hatukuwa tena watu wa jembe. Mkuu wa idara alituita vijana, hata wenye mvi. Wazee waliokuja na shida zao kutoka vijijini walivua kofia mbele yetu, hata mbele yangu mimi niliyekuwa sawa na mjukuu wao. Niliona aibu mara ya kwanza. Baadaye nilizoea, na sasa kule kuzoea ndiko kunakoniuma.

Siku moja, wenzetu walipokwenda kula, karani mkuu aliweka daftari la shule juu ya meza yangu.

"Mwanangu, unaweza kunipigia chapa kitu kisicho cha ofisi?"

"Kitu gani, mzee?"

"Hadithi."

"Hadithi ya nani?"

"Ya karani."

Nilicheka. Hadithi nilizozijua zilikuwa za wafalme, majambazi na wapenzi. "Nani atasoma habari za karani?"

"Makarani," alijibu. Yeye hakucheka.

Nikawa napiga chapa kila mchana, kurasa mbili tatu, na nakala ya kaboni chini yake. Mtu wa hadithi ile alipiga viatu vyake rangi kabla hajanywa chai. Aliposikia hatua za mkubwa ukumbini, alishika kalamu hata kama hana la kuandika. Nilikuwa sijawahi kukutana na watu wa namna yetu kitabuni. Nikawa nasubiri saa saba kwa hamu.

Kisha ikaja sura ya mwisho. Karani anapewa orodha ya kaya zitakazohamishiwa kijiji kipya, aiandike upya vizuri. Mstari wa saba ni jina la mama yake. Anaichana orodha mbele ya mkubwa, anavaa kofia yake, anaondoka. Niliipiga sura hiyo machozi yakinitoka, na moyoni nilijivunia mtu yule kama ndugu yangu.

Juma lile lile nilitumwa masjala kutafuta barua ya zamani. Katika faili la wakati wa operesheni ya vijiji nikakuta orodha yenyewe. Haikuwa imechanwa. Ilikuwa na mhuri, na chini yake sahihi ya karani mkuu niliyoiona kila siku. Mstari wa saba ulikuwa na jina la mwanamke wa ukoo wake.

Kesho yake nilishindwa kunyamaza.

"Mzee, karani wa hadithini aliichana orodha."

"Ndiyo."

"Wewe hukuichana."

Alikunja kitambaa chake, chakula kikiwa bado ndani. "Umeliona faili."

"Nimeliona."

Akasema taratibu, "Nilikuwa na watoto watano shuleni. Nikajiambia, nisipoandika mimi ataandika mwingine. Nikaandika. Gari lilipofika, mama alikuwa ameanika mtama uani. Walitoa paa kwanza ili asiwe na pa kurudi. Nilipokwenda kumwona kijiji kipya, aliniambia kwa Kinyamwezi chetu, 'Walilisoma jina langu sawasawa, mwanangu, bila kukosea hata kidogo. Nikasema, aliyeandika huyu amesoma.'"

"Alijua ni wewe?"

"Sijui. Hakuniuliza. Masika yale hakuyamaliza."

Nami, kwa utoto wangu, nikasema, "Basi hadithi yako ni ya uongo."

Siku nyingi zilipita bila yeye kunipa kitu cha kupiga chapa. Halafu akaniletea sura ya mwisho imeandikwa upya. Safari hii karani anaiandika orodha. Katika orodha aliyopewa, jina la mama yake limekosewa herufi moja. Anairekebisha, kisha anatia sahihi. Hapo hadithi inaishia. Niliipiga chapa, naye akaifunga hadithi yote katika bahasha, akaituma kwa wachapishaji Dar es Salaam.

Jibu lilikuja baada ya miezi mingi, pamoja na kurasa zetu. Walisifu lugha. Lakini, walisema, karani huyu hawapi vijana mfano mwema. Je, mwandishi hawezi kubadili mwisho, karani akatae, au aende kijijini na mama yake kwa furaha?

Aliisoma barua mara mbili, akanipa.

"Mzee," nikamwambia, "mwisho wa kwanza ninao. Nilihifadhi nakala. Tukiwapelekea ule, watakichapa kitabu."

"Hapana, mwanangu. Nimeshaandika mara moja kama walivyotaka wakubwa. Inatosha."

Kitabu hakikuchapwa. Alipostaafu hakubaki mjini kama wenzake. Alikwenda kujenga katika kijiji kile kipya alikozikwa mama yake, akalima mtama. Mimi niliolewa, nikahamia mtaa wa Kitete, nikaendelea na kazi ya mashine. Tulisalimiana kwa barua kila mwaka mpya.

Alipofariki nilipanda basi kwenda kuzika. Baada ya maziko, binti yake mkubwa, mwalimu, alinivuta pembeni. Mkononi alikuwa na kurasa zile, zimeanza kuwa njano.

"Dada, jina lako ameliandika hapa juu, kwamba ndiwe uliyepiga chapa. Niambie. Hii ni hadithi au ni baba?"

"Ni baba," nikasema.

Akawaita wadogo zake wanne, wakaketi mkekani, naye akaanza kuwasomea kutoka ukurasa wa kwanza. Nilikaa nao nikisikiliza mpaka basi la kurudi Tabora lilipopiga honi barabarani.