Pikipiki Ilipokataa Kuwaka

Katika mtaa wa Katoyi, pikipiki yako ikianza kukohoa, watu hawakuulizi imekuwaje. Wanakuelekeza kwa kidevu kwenye banda la bati nyuma ya ukuta wa mawe ya volkano na kusema, "Peleka kwa Kataliko." Kataliko alitoka Butembo akiwa na miaka kumi na tisa na mfuko mmoja wa spana. Leo ana arobaini na minne, na katika miaka yote hiyo, hadi mwaka huu, hakuna mteja aliyekuwa amewahi kumsikia akisema neno "sijui". Huinamisha kichwa kuisikiliza injini kama padri anayesikiliza maungamo, kisha hutoa hukumu: ni buji, ile plagi ya cheche; ni kabureta; ni esansi, yaani petroli, iliyochanganywa na maji. Mara nyingi huwa kweli, na wateja humpenda kwa hilo. Lakini baba aliyezoea kuwa na jibu la kila kitu ni wa kuogopwa nyumbani kwake kuliko baba mjinga.

Binti yake Sidonie ana miaka kumi na mitatu. Alikulia katika banda lile. Akiwa na miaka sita tayari alikuwa akimpa baba yake spana kwa namba bila kuangalia mara mbili, na wateja walikuwa wakimjaribu kwa mzaha: "Fundi mudogo, nipe kumi na ine!" Naye alitoa kumi na nne. Alitaka jambo moja tu, kuendesha. Kataliko alimwambia mbele ya mashahidi, "Leta soixante-cinq kwa buletini, tutaenda kampingi, mimi na wewe, na utaendesha mpaka mikono ichoke." Mwezi wa saba Sidonie alileta buletini ya shule yenye soixante et onze, sabini na moja kwa mia, sita zaidi ya alizoombwa.

Pikipiki ilikuwa tayari. Kataliko alikuwa ameiunda mwaka mzima kutoka pikipiki tatu zilizokufa: miguu mirefu, pneu, yaani tairi, zenye meno, bomba la moshi limeinuliwa juu ili lisigonge mawe. Watu wa Katoyi waliiita Mbuzi, kwa sababu ilipanda popote.

Mkewe, Mukashyaka, alizaliwa Mugunga, kando ya barabara ya Sake. Alifunga unga, sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliokaushwa, sukari, majani ya chai na babula, lile jiko dogo la makaa. Alipomaliza akasimama mbele ya pikipiki.

"Papa Sido, sikia. Mukifika Lac Vert, mulale juu. Juu kabisa. Musishuke kwa mashimo. Kule kuna mazuku."

Kila mtu aliyezaliwa upande ule anaijua mazuku. Ni hewa itokayo ardhini, nzito, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hutuama kwenye mabonde madogo kama maji yasiyoonekana. Aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo aliyelala atakufa.

Kataliko alicheka. "Mazuku inaua mbuzi za watu wavivu. Mbuzi yangu iko na pneu."

Sidonie naye akacheka. Mukashyaka hakucheka. "Shangazi yangu alishuka kuokota kuni. Tulimutoa na kamba."

"Tutalala juu, Mama Sido. Nimekuambia."

Waliondoka Jumamosi saa nne asubuhi, bashi nyeupe, turubai la hema, ikiwa imefungwa nyuma. Baada ya Mugunga walisimamishwa kwenye barieri, kizuizi cha askari. Askari kijana aliipapasa bashi ile na kuuliza wanaenda wapi.

"Kampingi," Kataliko akasema. "Mutoto amepita darasa."

Askari akawaita wenzake. "Muzee huyu anaenda kulala kwa hema kwa furaha! Watu wametoka kwa hema juzi juzi, yeye anaingia!" Wakacheka wote, na Kataliko akacheka nao, ingawa hakupenda. Miezi mingi nyuma, mawe yote ya upande ule yalikuwa yamefunikwa na hema za watu waliokimbia vita. Sasa zilikuwa zimeondolewa, zikabaki alama za mviringo ardhini. Askari mwingine akainua kamba ya barieri. "Pita, Papa. Umupe mutoto aendeshe, wewe umezeeka."

Nayo siku ile ilikuwa njema, hakuna sababu ya kuficha. Kwenye changarawe nyeusi karibu na Lac Vert, lile ziwa dogo la kijani, Sidonie alipanda Mbuzi peke yake. Alianguka mara nne. Baba yake alikimbia kando yake akipiga kelele juu ya ambreyaji, yaani klachi, ile lever ya mkono wa kushoto ambayo wanaoanza wote huiachia kwa pupa. "Polepole! Achia kama unaachia mukono ya mutoto amelala!" Mara ya tano pikipiki haikuruka wala kuzima. Ilienda. Sidonie alizunguka mlima mdogo na kurudi, meno yote nje, vumbi hadi kwenye kope.

"Papa, Mbuzi inanisikia!"

"Inakusikia kwa sababu mukono ya kushoto imekomaa. Ile mukono ni ya fundi."

Walilala juu, kama alivyoahidi. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu ndilo aliloliegemea baadaye.

Asubuhi upepo ulikuwa mkali pale mlimani. Majivu ya babula yalipeperuka na makaa hayakushika. Kataliko alitazama chini, akaona kishimo kipana chenye nyasi mbichi, kimetulia, hata jani moja halikutikisika.

"Tushuke pale, tupike chai."

"Mama alisema tusishuke."

"Mama alisema tusilale. Tutalala? Tunakunywa chai tu."

Mtoto akabeba babula, kwa sababu baba yake huwa na jibu. Hapa ndipo kosa lilipofanyika. Yaliyofuata yote yalikuwa malipo yake tu. Mzazi aliyelipinda neno la mkewe ili limfae alikuwa amemfundisha mtoto, kwa sentensi moja, kutoliamini lile neno lililokuwa la kumwokoa.

Walishuka na Mbuzi injini ikiwa imezimwa, kuokoa esansi. Ukingoni mwa kishimo palikuwa na nguzo ya chuma isiyo na kibao. Kibao cha onyo kilikuwa kimechukuliwa, huenda kikawa kuni siku zile za hema.

"Hii ni ya nini, Papa?"

"Ya kufunga mbuzi."

Kataliko alisimamisha pikipiki juu ya jiwe bapa. Sidonie akakaa kwenye nyasi, akatandaza kitambaa cha spana, akawasha kiberiti. Kikazima. Cha pili kikazima. Cha tatu hakikufika hata kwenye makaa.

"Kimelowa umande," baba akasema.

"Papa, angalia. Kanyonyi." Ndege mdogo, mabawa yamekunjwa, alikuwa amelala kwenye nyasi kana kwamba amewekwa pale.

"Baridi imekaua. Acha. Twende tunywe chai Sake."

Alipiga kiki. Mbuzi haikuwaka. Akapiga tena, mara kumi, mara ishirini. Injini ilitoa sauti moja ya kukohoa na kufa. Na badala ya kuogopa, Kataliko alihisi furaha ndogo: hapa sasa palikuwa na ugonjwa anaoujua. Alifungua buji, akaifuta, akaijaribu. Cheche ilikuwa ya bluu, nzima kabisa. Basi ni esansi, akasema, wale wauzaji wa chupa wa barabarani ni wezi watupu. Aliinama kufungua kabureta, kichwa kikamgonga kwa ndani, akainuka akailaumu mito ya mawe aliyoilalia. Injini haiwezi kuwaka pasipo hewa njema, na hakuna fundi asiyejua hivyo. Alikagua kila kitu isipokuwa hewa.

"Nipe kumi na mbili."

Spana ikaja mkononi. Ilikuwa ya kumi.

"Nimesema kumi na mbili! Uko unaota?"

"Papa, nasikia usingizi."

"Utalala nyumbani. Kumi na mbili."

Alinyoosha mkono nyuma akasubiri. Hakuna kilichokuja. Alipogeuka, Sidonie alikuwa amelala ubavu juu ya kitambaa, shavu kwenye spana, midomo imegeuka rangi ya majivu.

Neno la Mukashyaka likamrudia lote kwa mara moja. Aliinama kumchukua, dunia ikamzunguka. Alimshika kola ya jaketi akamburuta, akaanguka, akaamka, akaanguka tena. Sehemu nyingine alipanda kwa magoti. Juu, penye upepo, alimlaza na kumwita. Alikuwa akipumua, lakini pumzi fupi fupi, na macho hayakufunguka.

Simu haikuwa na mtandao. Kataliko akafikiri hospitali, na hospitali ni pikipiki. Akavuta pumzi ndefu, akaibana, akarudi shimoni, akaisukuma Mbuzi hadi juu kwa nguvu ambayo hakujua anayo. Akapiga kiki moja tu. Ikawaka, ikanguruma vizuri kama siku ilipozaliwa. Haikuwa imeugua hata kidogo.

Na sasa haikuwa na faida. Alimketisha Sidonie mbele yake, shingo ikaangukia tangi. Alimketisha nyuma, akateleza. Mtu mmoja hawezi kuendesha juu ya mawe yale na kumshikilia asiyejishika. Alibaki amesimama, mtoto kifuani, injini ikiunguruma bure.

Mwanamke mwenye jembe alikuja akikimbia kutoka shambani. Alimwona mtoto, akaangalia shimo, akaelewa. Baadaye walikuja kujua kwamba aliitwa Uwingabire.

"Zima hiyo kelele. Mulaze hapa, kichwa juu, uso kwa upepo. Fungua hii kola."

"Nifanye nini sasa?"

"Amekunywa mazuku. Sasa ni upepo tu, Papa."

"Mama, nipe kitu kimoja nifanye. Kitu kimoja."

"Kaa."

Akakaa. Mikono iliyokuwa imefungua injini maelfu ikakaa juu ya mapaja yake kama vitu vya mtu mwingine. Uwingabire alimgeuza mtoto ubavu, akampangusa mate, akaomba rozari kwa sauti ya chini. Jua likapanda. Kataliko alihesabu pumzi, akapoteza hesabu, akaanza upya. Hakuwa na la kukaza wala la kulegeza.

Ilipita kama nusu saa, Sidonie akatapika. Kisha akafungua macho, akanyoosha mkono wa kulia, akapapasa nyasi.

"Kumi na mbili iko wapi?" akauliza.

Mkono wa kushoto haukusogea.

Uwingabire alipanda nyuma na kumshikilia hadi kituo cha afya. Daktari alisema kichwa kilikosa hewa kwa muda, na kwamba vingine vitarudi, vingine wangoje. Jioni, nyumbani, Mukashyaka aliuliza swali moja tu.

"Mulilala juu?"

"Tulilala juu," Kataliko akajibu. Ilikuwa kweli, na hapo hapo akaona aibu ya ukweli wa namna hiyo. Ilimchukua siku tatu kumweleza mkewe kuhusu chai. Mukashyaka hakupiga kelele. Aliondoka jikoni akaenda kukaa kitandani kwa binti yake, na kwa wiki mbili alisema na mumewe mambo ya lazima tu.

Sasa ni miezi mitano. Sidonie amerudi shuleni na anaandika vizuri, kwa kuwa mkono wa kuandikia ni wa kulia. Jioni hupita bandani. Kataliko amemfungia usukani wa pikipiki kwenye meza, wenye lever ya ambreyaji na kebo yake, ili azoeze vidole vya kushoto. Daktari alisema mazoezi hayadhuru.

Siku moja Sidonie aliuliza, "Papa, huu mukono utarudi?"

Wateja wawili walikuwepo, na walimsikia fundi Kataliko akisema, "Sijui, mama yangu."

Kila juma huchukua spana na kulegeza kebo kidogo, ili lever iwe nyepesi zaidi. Jana jioni aliilegeza tena. Sidonie akaweka mkono wa kushoto kwenye lever, vidole viwili vikaifikia, akaibana, ikashuka bila nguvu yoyote. Akaitazama kebo ilivyoning'inia.

"Papa, umelegeza mpaka ambreyaji haikate tena. Na hii hakuna mutu anaweza kuendesha."

"Najua," akasema. "Bana tena."