Mwili Utazoea

Ulikuwa ule mwaka tuliokula michembe hata msibani. Viazi vikavu, asubuhi kwa karanga, jioni bila karanga. Tulivila nikimzika binti yangu wa mwisho.

Aliolewa Ushetu, kwa wakulima wa tumbaku. Wana desturi yao kule: mgeni anaingizwa shambani majani yakiwa yamelowa, na haoshi ule ulimbo mweusi mikononi mpaka jioni. Mwanangu alitapika, moyo ukamwenda mbio. Wakacheka: "Bibi harusi kalewa! Mwacheni, mwili utazoea."

Ukazoea kweli. Nikajivuna kijijini kwetu Didia kote, mwanangu jembe.

Msimu mmoja akaja kuniuguza mguu, hakugusa tumbaku. Aliporudi akachuma kwenye mvua, nguo zimemgandia mwilini. Ugonjwa ukamrukia upya. "Uvivu wa kwa mama yake huo," mumewe akasema. "Mwili utazoea." Akaangukia kwenye tuta. Hospitali walimfikisha amekwisha kata roho.

Daktari, msichana tu, alinishika mkono. "Bibi, sitasema ni tumbaku peke yake. Lakini sumu yake hupita kwenye ngozi. Juu ya figo kuna vitezi, na chembe zake zina kama vilango. Tumbaku ikivisukuma vilango hivyo, vitezi vinamwaga kitu kinachokimbiza moyo. Ikivisukuma bila kupumzika, vilango vinakufa ganzi, haviitiki tena. Ndicho mnachokiita kuzoea. Ukiiacha muda, vinaamka."

Kumbe mwili wake ulikuwa umeamka, nao wakauita mvivu.

Majani yalipoiva tena, mkwe wangu akaja. Akasimama mbali, kama mkwe anavyopaswa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimemfuata binti yangu. Tuna upungufu wa watu shambani."

Mjukuu wangu, niliyebaki naye tangu mazishi, alikuwa anatwanga. Mchi ukanyamaza.

"Huyu haingii kwenye tumbaku," nikasema.

"Msimu mmoja tu, mama. Atatapika kidogo, kisha mwili utazoea."

"Wa mama yake ulizoea?"

Akakinyooshea kidole kikopo changu cha ugoro. "Mbona wewe unanusa ugoro tangu ujana na hufi?"

"Mimi nimekwisha kufa ganzi, baba. Huyu bado anasikia."

"Ni mtoto wangu. Ng'ombe nilitoa."

"Ng'ombe wako wapo zizini, wafungue uende nao."

"Mama, nakuomba basi."

Sura ya mwanangu ilikuwa mbele yangu, imeshika mchi. Nikamwambia:

"Huyu haingii kwenye tumbaku."