Pindo la Leso

Uvimbe wenyewe ulikuwa mdogo kama punje ya choroko. Niliugusa shingoni nikijifunga mtandio dukani kwetu Mtaa wa Biashara, ambako mimi na mama yangu tunauza leso. Kwa ubishi wangu nikasema ni jipu tu. Sindano ya kupima ikasema ni saratani ya tezi ya shingo, nami nikapasuliwa, nusu ya tezi ikatolewa.

"Lakini ni ndogo," nilimwambia daktari, kama mteja anayeomba kupunguziwa.

"Ndogo, ndiyo. Ila udogo peke yake haunitoshi."

Kipande kilichokatwa kilikuwa bado kinachunguzwa kwa hadubini. Alitaka kujua kama saratani imeota sehemu moja au zaidi, na hasa kama imetoboa utando unaoizunguka tezi. Ikiwa imetoboa, huenda imeshafika kwenye mitoki ya shingo, vile vinundu vya kinga, na itabidi nipasuliwe tena.

Neno utando halikuniingia. Nikamnyooshea leso niliyojitanda. "Huu hapa katikati ni mji, hili pembeni pindo. Ndivyo?"

Akacheka. Ni mzaliwa wa Tudor, leso anazijua. "Ndivyo hasa. Tuombe iwe bado iko mjini."

Heri nisingeuliza. Tangu hapo kila leso dukani ilinitia hofu, na duka zima ni mapindo kutoka sakafuni hadi darini. Mimi nikiogopa huwa mkali. Nilimfokea mteja aliyeuliza rangi tu. Kisha, nikitenganisha doti, leso mbili zilizoungana, mkasi ukaniponyoka ukaingia ndani ya pindo. Mama, ambaye hugomba hata leso ikikunjwa vibaya, aliiokota asiseme neno. Hapo ndipo nilipojua kwamba na yeye anaogopa.

Siku ya majibu tuliingia pamoja. Daktari alisoma, akasoma tena.

"Nambia, mwanangu," mama akamwambia daktari. "Yasemaje?"

Aliniomba ncha ya leso, akaitandaza mezani, akaweka kidole kwenye ua la mjini. Akakisogeza taratibu. Kidole kikafika kwenye pindo, kikapita.

Mama akamshika daktari mkono.

"Kirudishe," alimwambia. "Kirudishe mjini, mwanangu, tafadhali."