Tonge Nililomlisha Zuhura

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, wajukuu zangu na wenzenu, kaeni vizuri mnisikilize. Siandiki ili mnionee huruma. Shule nilitolewa darasa la nne, na mengine yote nimejifunza chuo cha Kurani na jikoni, kwa hivyo msitafute maneno mazuri hapa. Nataka kuwaambia habari ya siku nilipomtia mdogo wangu tonge kinywani mbele ya watu, na yaliyomfika baadaye.

Ilikuwa miaka ile ya tisini. Mimi sijatimiza arubaini, nina watoto watatu, naishi nyumba ya wazazi wetu hapa Kibokoni. Zuhura, mdogo wangu wa kunifuatia, alikuwa ameachika, akikaa orofa ya juu. Alikuwa mnene, mwanangu, na si unene ule wa kusifiwa harusini. Ngazi zetu mnazijua zilivyosimama. Alikuwa akizipanda kwa vituo vitatu, na kila kituo anakaa chini apumue. Magoti yalikuwa yamekwisha. Alilala ameketi, maana akijilaza pumzi zinamkata. Kaka yetu aliyekuwa akiishi Uingereza akamwita, na huko madaktari wakampasua tumbo. Walilibana kwa pini za chuma, juu kikabaki kimfuko kidogo cha kiasi cha kikombe cha kahawa. Si kikombe cha chai. Kile kidogo cha kahawa chungu.

Alirudi na karatasi ya masharti. Ilikuwa ya Kizungu, na mimi Kizungu sikijui, lakini alinisomea mara mbili, kwa hivyo sina pa kujificha. Ale kidogo kidogo. Atafune mpaka chakula kiwe kama uji. Asinywe maji pamoja na chakula. Akishiba asiongeze hata tonge moja. Ameze vidonge vya vitamini kila siku, maisha yake yote. Na akitapika mfululizo, aende hospitali.

Mimi nikaitikia yote, kisha nikafanya nililolijua mwenyewe. Niliwaita watu wa nyumbani nikawaambia jambo hili lisivuke mlango. Wakiulizwa, waseme Zuhura alikwenda kumtembelea kaka yake, basi. Niliona aibu. Nilidhani watu watasema mtu mzima ameshindwa kuuzuia mkono wake kwenye sinia hata akatiwa kisu.

Mwili ukamwisha upesi. Bangili za marehemu mama zikawa zinamtoka mkononi akifua. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Adhuhuri ya Mombasa, sote tunajipepea, yeye amejifunika leso mbili anasikia baridi. Siku moja nilikuwa namsugua mgongo, nikaona ngozi ya mikono na ya tumbo inavyoning'inia, mkono wangu ukasimama.

"Usiogope, Dada," akasema. "Hata mimi sijaizoea. Naona kama nimeazimwa nguo ya mtu mkubwa, na mwenyewe hajaja kuichukua."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Wajua ninachokikosa?" akaniuliza. "Si pilau. Nakosa kukaa nanyi. Nyinyi mkianza kunoga na mazungumzo, mimi nimeshamaliza, nakaa kama mgeni. Nipe kisahani changu, nile polepole, tumalize pamoja."

Nikakataa. Nyumba yetu watu walikula sinia moja, wanawake lao na wanaume lao, na aliyetengewa chombo ni mgonjwa. Sikutaka Zuhura aonekane mgonjwa. Basi akawa anakaa nasi, anapeleka mkono kwenye wali na kuurudisha mtupu, ili watoto wasimuulize.

Lakini macho ya watu huwezi kuyafumba. Bi Saada, jirani yetu wa mlango wa pili, akanijia barazani.

"Zuhura amekuwa kijiti, shoga. Hivi yuwala?"

"Yuwala."

"Mbona hatumuoni akila? Siku hizi kuna maradhi, na hayachagui nyumba."

Nilijua ni maradhi gani. Miaka ile mtu akikonda hakuulizwa, alihukumiwa. Siku ya maulidi nyumbani kwa Bi Saada, Zuhura alipomaliza kahawa yake, binti wa nyumba alikichukua kile kikombe kwa ncha za vidole, akakimiminia maji ya moto peke yake, mara mbili, sisi tukitazama. Tulipotoka Zuhura akaniambia, "Dada, waambie kweli. Heri wanicheke kuliko waniogope."

Nikamwambia anyamaze, nitalitengeneza mwenyewe. Nilitengenezaje? Chupa ya vitamini niliitia sandukuni nikafunga kwa ufunguo, wageni wasije wakaona mtu mwembamba na chupa ya vidonge wakakamilisha hesabu yao. Akitaka kidonge aniombe. Siku nyingine nilikuwa sokoni. Siku nyingine nilisahau.

Kisha ikaja harusi ya mpwa wetu, huko Makadara. Wanawake tumekaa chini, watano watano kwa sinia, na Bi Saada yuko sinia letu. Asubuhi nilikuwa nimemwambia Zuhura, "Leo utakula, watu waone." Pilau lilipofika nikafinyanga tonge kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwambia, "Fungua kinywa, mdogo wangu."

Nyinyi wa siku hizi huenda hamjui uzito wake. Tonge la mkono wa mkubwa, mbele za watu, ni mapenzi, na kulikataa ni kumvunjia heshima. Nililijua hilo, ndiyo sababu nikalichagua. Zuhura alinitazama. Nikaona anavyoniomba kwa macho, na mkono sikuurudisha. Akafungua kinywa. Nikampa la pili, la tatu.

"Kumbe tumbo lipo," akasema Bi Saada. "Na sisi tulidhani limehamia Ulaya na kaka yenu."

Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda wote. Tonge la tano nililitia kipande cha nyama. Nikamsukumia na gilasi ya sharubati. Baada ya muda Zuhura aliinuka taratibu, akaenda chooni akishika ukuta. Mimi nikabaki nikimaliza sinia. Nilikuwa na furaha, nasema kweli. Niliona nimemsafisha jina.

Toka siku hiyo akawa ni wa kutapika. Ile njia nyembamba ya tumbo ilivimba, kila akilacho kinarudi, na siku nyingine hata maji. Vidonge navyo vikawa vinarudi.

"Karatasi yasema hospitali," aliniambia.

Nikamwambia tujaribu tangawizi kwanza, tujaribu uji mwepesi. Kumtoa mchana akishikiliwa huku na huku, tupite mbele ya mabaraza yote haya, niliona ndiyo wamekwisha kumzika. Nikawaambia watu amekwenda Lamu. Nikamweka juu, dirisha nimelifunga, wiki tatu.

Wiki ya tatu macho yakaanza kumcheza. Siku hiyo nilimpelekea uji akanitazama sana.

"Nawaona Dada wawili," akasema. "Na mmoja alikuwa akinitosha."

Kesho yake miguu ikafa ganzi, akaanguka kwenye ngazi. Zile zile ngazi ambazo tangu apasuliwe alikuwa akizipanda mara moja bila kituo, akifika juu ananiita nije nimwone. Tulimpitisha barabarani mchana, kwenye kitanda cha kamba, na waliokuwa mabarazani wote walimwona.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, mtu wa bara. Hakunipigia kelele.

"Pale palipoziba tutapafungua, mama," akasema. "Lakini wiki tatu mwili umekosa vitamini, ubongo na mishipa imeumia. Mngemleta wiki ya kwanza angerudi kwenu kwa miguu yake. Kwa nini mlimficha?"

"Watu," nikamjibu.

Akatazama benchi niliyokaa, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa peke yangu.

"Wako wapi hao watu?"



Zuhura hakufa wakati ule. Aliishi miaka mingi, akitembea kwa kushika kuta, na mambo yakawa hayamkai kichwani. Alikuwa akiniuliza mara tatu kama adhuhuri imeshaadhiniwa. Na kila mara kadi ya harusi ikiingia nyumbani aliniuliza, "Ile harusi ya Makadara, Dada, mimi nilikwenda?"

"Ulikwenda."

"Nilikula vizuri?"

Nilikuwa nikimjibu kuwa alikula vizuri. Mngemjibu nini?

Basi, mwanangu, shika haya. Mtu akipasuliwa tumbo ili aponyeke, hajarudi mzima siku aliposhuka kwenye ndege. Ana mwili mgeni, anajifunza kula upya kama mtoto, na anajifunza kukaa na watu upya, na hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza. Usimhesabie matonge, wala usimsifu kukonda wala kumsikitikia. Ukiwa mgonjwa ni wewe, fungua kinywa useme unaumwa nini, na anayekwambia ufiche kwa ajili ya jina la nyumba usimsikie, hata akiwa mkubwa wako. Mimi nilikuwa mkubwa. Mngu awape miili yenye afya, na ikiwapungukia afya awape ndugu wenye akili kuliko niliyokuwa nayo mimi, na amrehemu Zuhura. Amin.

Siku tuliyomrudisha kutoka hospitali niliwakusanya wote waliokuwa wakila katika nyumba hii, wakubwa kwa wadogo, nikaiweka chupa ya vitamini juu ya meza ya wageni, na kisahani kimoja kando ya sinia. Nikawaambia: "Hiki ni chake. Mkono wa mtu usikiingie, na mtu asimwambie ongeza. Tutakula polepole mpaka amalize yeye. Na yeyote atakayewauliza Zuhura ana nini, mwambieni alipasuliwa tumbo, na dada yake akamlisha."